Presha ya Damu na Madini ya Chakula: Somo Kutoka Tarime na Serengeti



Liko swali ambalo latujia mara kwa mara kutoka kwa wanachama, nalo ni hili: je, ni kweli kwamba mtu mwenye presha ya damu aweza kuacha vidonge vya hospitali, akatumia madini yanayouzwa kwa chupa na pakiti, akapona? Swali hili si la mchezo. Mwenye kulijibu vibaya huenda akaanguka kwa kiharusi, na shamba likabaki bila mpaliliaji, na watoto bila mlezi. Kwa hiyo tumeona tulijibu kwa somo kamili, ili kila mtu ajue sababu ya jambo, wala asifuate maneno ya sokoni.

Somo lenyewe tutalitafuta mbali kidogo na mikarafuu yetu. Tutavuka bahari, tupite bara mpaka mkoa wa Mara, mashariki ya Ziwa Viktoria, katika wilaya za Tarime na Serengeti. Tarime ni nchi ya miinuko iliyopakana na Kenya, yenye migomba, mibuni na mahindi. Serengeti, ambayo makao makuu yake ni mji wa Mugumu, imepakana na ile mbuga kubwa ijulikanayo duniani kote. Tumechagua nchi hizo kwa kuwa habari ya madini huonekana huko waziwazi: katika majani wanayokula wanyama, katika chakula cha watu, na hata katika magadi yatokayo upande wa pili wa mbuga. Tukisha kuyaona ya huko, tutarudi katika vyungu vyetu wenyewe.

PRESHA NI NINI?

Moyo husukuma damu katika mishipa kama vile pampu isukumavyo maji katika mpira. Damu nayo husukuma kuta za mishipa, na nguvu ya msukumo huo ndiyo presha. Hupimwa kwa milimita za zebaki, na hutajwa kwa hesabu mbili: ya juu, moyo unapokaza, na ya chini, moyo unapopumzika. Mtu mzima akipimwa siku mbalimbali na akaonekana ana 140 au zaidi juu, ama 90 au zaidi chini, huyo huhesabiwa kuwa ana maradhi ya presha.

Ubaya wa maradhi haya ni kwamba hayaumi. Mtu hupanda mkarafuu, hupalilia, hucheka na wenzake, na huku mishipa ya ubongo, ya moyo na ya figo inachakaa. Uchunguzi uliofanywa Zanzibar mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila watatu alikuwa na presha. Ule wa Tanzania Bara wa mwaka 2012 ulionyesha kiasi cha mmoja katika kila wanne. Basi hili si jambo la wazee wachache, wala si la matajiri peke yao.

MADINI MANNE YA KUYAJUA

Madini mengi yamo katika chakula, lakini katika habari ya presha manne ndiyo yanayotuhusu zaidi.

La kwanza ni sodiamu, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya ubaya wa chumvi. Sodiamu ikizidi mwilini huzuia maji. Maji yakizidi, damu hujaa katika mishipa, na presha hupanda.

La pili ni potasiamu. Hii husaidia figo kuitoa sodiamu kwa njia ya mkojo, na hulegeza kuta za mishipa.

La tatu ni magnesiamu, ambayo nayo husaidia misuli ya mishipa ilegee.

La nne ni kalsiamu, ile ijengayo mifupa na meno. Mtu aliye na upungufu wa kalsiamu huelekea kupanda presha, hasa mwanamke mwenye mimba.

Hapo msomaji ataona kwamba moja katika hayo manne hupandisha presha, na matatu husaidia kuishusha. Siri yote ya somo hili imo katika mizani ya hayo.

WANYAMA WA SERENGETI WATUFUNDISHA NINI?

Kila mwaka nyumbu zaidi ya milioni moja huizunguka mbuga ya Serengeti, wakavuka Mto Mara kwenda kaskazini na kurudi. Inapofika miezi ya mwanzo wa mwaka huwa kusini, katika nyanda za majani mafupi, na huko ndiko wanakozaa. Udongo wa nyanda hizo umetokana na majivu ya milima ya volkano. Mtaalamu mmoja wa Marekani, McNaughton, aliyapima majani ya Serengeti, na katika miaka ya 1988 na 1990 alieleza kwamba wanyama hukusanyika pale ambapo majani yana madini zaidi, kama vile sodiamu, fosforasi na magnesiamu, na kwamba majike wanyonyeshao na ndama wakuao ndio wenye haja kubwa.

Mtu aweza kusema: "Ikiwa nyumbu hufuata chumvi, basi na mimi nina haki ya kuifuata!" La, sivyo. Majani kwa kawaida yana potasiamu nyingi sana na sodiamu kidogo mno. Mnyama hukosa chumvi, ndiyo maana huitafuta. Sisi leo tumekuwa kinyume chake: chumvi tunayo kila mahali, katika mchuzi, katika mkate, katika samaki mkavu, na katika vipande vya supu vya dukani, lakini potasiamu yatupungukia kwa kuwa mboga na matunda tumeyafanya pambo la sahani. Figo zetu zimeumbwa kuishika sodiamu kwa nguvu kama kitu adimu, nasi twaimimina kwa kijiko. Mnyama hutafuta kile alichopungukiwa, na mtu naye yampasa ajue kwanza amepungukiwa nini kabla ya kununua chochote.

CHAKULA CHA TARIME

Sasa tuingie katika jiko la mkulima wa Tarime. Chakula cha asili cha Wakurya na jirani zao ni ugali wa ulezi, wa mtama au wa muhogo, pamoja na maziwa, maharage, mboga za majani na ndizi za kupika. Tukikipima chakula hicho kwa mizani yetu ya madini manne, twaona mambo mazuri.

Ulezi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka nyingine tuzilazo. Gramu 100 za ulezi zina kiasi cha miligramu 350, hali mchele una kidogo sana. Tena ulezi na mtama usiokobolewa vina magnesiamu. Ndizi, maharage, muhogo na mboga za majani vina potasiamu. Maziwa yana kalsiamu, na potasiamu pia. Na vyote hivyo, vikipikwa kwa chumvi kidogo, havina sodiamu ya kutisha. Yaani mkulima huyo, bila kununua chupa yoyote, ameketi mbele ya madini yake yote matatu.

Lakini yako mambo mawili yawezayo kuiharibu mizani hiyo. Jambo la kwanza ni kukoboa. Magnesiamu ya nafaka hukaa zaidi katika ganda na kiini. Mahindi yakikobolewa yakawa sembe nyeupe, sehemu kubwa ya magnesiamu hubaki katika pumba, wakala kuku.

Jambo la pili ni magadi. Magadi hutoka katika maziwa ya chumvi ya Bonde la Ufa, kama Ziwa Natron lililo mashariki ya mbuga ya Serengeti, na Ziwa Magadi la Kenya. Wapishi wengi wa bara huyatia katika maharage, makande na mlenda ili viive upesi au vilainike. Wengi hudhani kwamba magadi si chumvi, kwa kuwa ladha yake ni nyingine. Huo ni udanganyifu wa ulimi. Magadi ni sodiamu, kama chumvi ilivyo sodiamu. Mtu aliyekatazwa chumvi, akapunguza chumvi na kuendelea na magadi, ameufunga mlango akauacha dirisha wazi. Maharage yakirowekwa usiku kucha hulainika bila ya magadi.

WALIOHAMIA NAIROBI

Mtu aweza kuuliza: kuna ushahidi gani kwamba mizani ya sodiamu na potasiamu huibadili presha ya watu kama sisi? Ushahidi upo, nao umetoka karibu na Tarime. Katika mwaka 1990 jarida la madaktari wa Uingereza lilitoa habari za utafiti uliofanywa kwa Waluo wa Kenya. Waluo hao ni ndugu za wale wanaokaa upande wa Tanzania, katika wilaya ya Rorya, ambayo ilikatwa kutoka Tarime mwaka 2007.

Watafiti waliwachukua watu waliohama vijijini, kandokando ya Ziwa Viktoria, wakaenda kukaa Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Waliohama presha zao zilionekana kuwa juu zaidi, na jambo hilo halikungoja uzee. Lilidhihiri mapema baada ya kuhama. Mkojo wao ulipopimwa, sodiamu ilikuwa imezidi na potasiamu imepungua, ukilinganisha na wa wale wa kijijini. Uzito wa miili nao ulikuwa zaidi, na mapigo ya moyo yalikuwa ya haraka zaidi, kwa hiyo hatusemi kwamba chumvi ndiyo sababu ya pekee. Lakini damu ilikuwa ile ile na kabila lile lile; kilichobadilika ni maisha na sahani.

CHUPA INA NGUVU KIASI GANI?

Sasa tuje kwenye swali lenyewe la vidonge vya madini. Hatutaki kusema kwamba ni uongo mtupu, maana huo si ukweli. Twataka kila mwanachama ajue kipimo cha nguvu yake.

Magnesiamu: mwaka 2016 watafiti walijumlisha majaribio 34, yenye watu zaidi ya 2,000. Waliomeza kiasi cha miligramu 368 kwa siku, kwa muda wa miezi mitatu hivi, presha ya juu ilishuka kwa wastani wa milimita 2 tu.

Kalsiamu: kwa watu wasio na presha hushusha chini ya milimita 2.

Potasiamu: hii ndiyo yenye nguvu kuliko wenzake, majaribio yaliyojumlishwa mwaka 2013 yalionyesha mshuko wa kiasi cha milimita 3 na nusu, na zaidi ya hapo kwa wale ambao tayari wana presha.

Sasa linganisheni. Kidonge kimoja cha kawaida cha presha kitolewacho na daktari hushusha presha ya juu kwa kiasi cha milimita 9, na wengi hupewa vya namna mbili. Basi mtu mwenye 170 akitupa dawa yake na kushika magnesiamu ya chupa, amebadilisha jembe kwa kijiko na bado anataka kulima shamba lile lile.

Na chakula je? Mwaka 1997 huko Marekani yalitolewa majibu ya jaribio la watu 459. Baadhi yao walipewa chakula chenye matunda mengi, mboga nyingi, maziwa yaliyopunguzwa mafuta, kunde na njugu, chenye potasiamu, magnesiamu na kalsiamu kwa wingi. Hawakupunguzwa uzito, wala chumvi haikubadilishwa. Katika majuma manane, wale waliokuwa na presha walishuka kwa kiasi cha milimita 11 kuliko wenzao waliokula chakula cha kawaida cha nchi ile. Yaani madini yale yale ambayo katika chupa yana nguvu ndogo, yakikaa pamoja katika chakula huwa na nguvu ya kulingana na dawa. Hii ndiyo habari kubwa ya somo letu, nayo ni habari njema kwa mkulima, kwa sababu duka la madini hayo ni shamba lake.

MAHALI AMBAPO KIDONGE CHA MADINI KINA KAZI

Yako mambo mawili ambayo madini ya kutiwa mkononi yana faida iliyothibitishwa.

La kwanza ni kwa wanawake wenye mimba. Presha ya mimba huweza kuleta kifafa cha mimba, na huua mama na mtoto. Mahali ambapo chakula kina kalsiamu kidogo, vidonge vya kalsiamu hupunguza hatari hiyo. Mwaka 2024 yalitolewa majibu ya jaribio lililofanywa Dar es Salaam kwa wanawake 11,000 wa mimba ya kwanza, na jingine kama hilo huko India. Nusu walipewa miligramu 500 kwa siku, na nusu 1,500. Katika Dar es Salaam presha ya mimba yenye hatari iliwapata 3.0 katika kila mia ya waliopewa kidogo, na 2.7 katika kila mia ya waliopewa nyingi. Yaani dozi ndogo ilikaribia kutosha kama ile kubwa. Hili ni jambo la kuzungumza na mkunga kliniki, mapema. Wala mama asidhani kwamba kula udongo kutampa madini hayo. Udongo huweza kuuzuia mwili usipate madini ya chuma, na huweza kuwa na risasi na mayai ya minyoo.

La pili ni chumvi iliyochanganywa. Katika vijiji 600 vya Uchina, watu kiasi cha 21,000 walifuatwa kwa karibu miaka mitano. Wengi wao walikwisha kupata kiharusi, na wengine walikuwa wazee wenye presha. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ni ya potasiamu. Majibu ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba viharusi vilipungua kwa 14 katika kila mia. Mwezi wa Januari 2025 Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri kwamba chumvi ya namna hiyo yaweza kutumiwa na watu wazima badala ya ile ya kawaida, isipokuwa wenye mimba, watoto na wenye maradhi ya figo.

HATARI YA KUJITIBU

Hapo kwenye figo twaomba kila msomaji asimame kidogo. Figo nzima huitoa potasiamu iliyozidi. Figo mbovu haiwezi, nayo potasiamu hujikusanya katika damu mpaka ikaweza kuusimamisha moyo ghafula. Na presha ya miaka mingi ndiyo huharibu figo! Kwa hiyo mtu mwenye presha ya zamani ndiye hasa asiyestahili kununua potasiamu kwa kubahatisha. Vilevile anayetumia dawa kama enalapril, captopril, losartan au spironolactone asitumie vidonge wala chumvi ya potasiamu mpaka amwulize daktari, kwa sababu dawa hizo zenyewe huizuia potasiamu mwilini. Na mgonjwa aliyekwisha kuambiwa kwamba figo zake zina kasoro amwulize daktari hata juu ya ndizi na dafu.

TURUDI VISIWANI

Chungu chetu si sawa na cha Tarime, lakini mizani ni ile ile. Sisi hatuna ulezi mwingi, lakini tuna muhogo, ndizi mbichi, viazi vitamu, mashelisheli, kisamvu, mchicha, kunde, choroko na dafu. Hatuna magadi mengi, lakini tuna papa wa chumvi na ng'onda. Basi twashauri hivi:

1. Chumvi yote ya mtu mzima kwa siku isizidi gramu 5, yaani kijiko cha chai kimoja kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate na samaki.

2. Samaki wa chumvi arowekwe, maji yake yamwagwe, na mchuzi wake usitiwe chumvi nyingine. Lakini maji ya kuchemshia mboga yasimwagwe ovyo, kwa kuwa potasiamu huyeyuka humo. Pikeni kwa maji machache.

3. Kila mlo uwe na mboga ya majani au kunde, na kila siku pawe na tunda.

4. Ladha itafutwe kwa ndimu, tangawizi, kitunguu thomu, pilipili manga, mdalasini na karafuu yetu wenyewe. Hatusemi kwamba karafuu ni dawa ya presha. Twasema kwamba chakula chenye viungo hakililii chumvi.

5. Kila mtu mzima apimwe presha, hata asipoumwa. Aliyeandikiwa dawa azitumie kila siku, na akitaka kuacha au kuongeza kitu chochote, daktari awe wa kwanza kujua.

MASWALI YA KUSOMEA PAMOJA

Katika mikutano ya matawi someni haya kwa sauti, mmoja aulize na wengine wajibu:

Kwa nini nyumbu hutafuta chumvi, nasi twaambiwa tuipunguze?
Magadi na chumvi vinafanana kwa jambo gani?
Kilibadilika nini kwa Waluo waliohamia Nairobi?
Kati ya chupa ya magnesiamu, kidonge cha daktari na chakula chenye mboga na matunda, ni kipi kinachoshusha presha kidogo kuliko vyote?
Nani asiyefaa kutumia chumvi ya potasiamu?

Atakayeweza kuyajibu yote matano ana silaha ya kutosha mbele ya mchuuzi yeyote wa chupa. Na aliye na jamaa mwenye presha asiyejua kusoma, amsomee leo, wala asingoje toleo lijalo.